Huoguo Imegoma: Dalili, Sababu na Tiba

Sufuria iko katikati ya meza, watu sita wameshika vijiti, na supu imenyamaza. Mmoja anaonja, anasema haina ladha. Mwingine anakwenda kabatini kuleta pilipili, wa tatu anatafuta chumvi. Nusu saa baadaye supu ni kali, ina chumvi ya bahari, na nyama bado haijaiva. Kosa halikuwa pilipili wala chumvi. Supu ilikuwa imepoa.

Nilisoma Chongqing, jiji la kusini-magharibi mwa China, miaka minne, na karibu kila Jumamosi tulipika huoguo, supu inayochemkia mezani huku kila mtu akiivisha vipande vyake ndani yake, kwenye nyumba ya kupanga, Watanzania, Wakenya na yeyote aliyepita. Mlango wa pili aliishi mama mmoja mtu mzima tuliyemwita Ayi, ndivyo Wachina wanavyomwita mwanamke wa rika la mama mdogo au shangazi. Kila tulipomwita atuokoe, hakuanza kwa kuonja. Aliinama, akatazama mapovu. Yakiwa hayaridhishi, hakusikiliza maelezo yetu mpaka moto urekebishwe. Kwa hiyo na mimi naanzia hapo, na nakuomba kabla hujatia kitu chochote kwenye supu iliyokosewa, uitazame kwanza.

Huo ni moto, guo ni sufuria. Huko Beijing wanatumia sufuria ya shaba yenye bomba la mkaa katikati, maji karibu matupu yenye tangawizi na vitunguu vya majani, na nyama ya kondoo iliyokatwa nyembamba. Mgahawa wa Donglaishun, ulioanzishwa 1903, unajulikana kwa hiyo. Chongqing ni dunia nyingine: supu nyekundu ya shahamu ya ng'ombe, pilipili kavu na huajiao, ile pilipili ya Sichuan inayotia ganzi ulimi. Nyumbani wengi tunatumia yuanyang, sufuria iliyogawanywa kwa ukuta wa bati, upande mmoja mwekundu na mwingine mweupe. Jina ni la bata wanaojulikana kwa kutembea dume na jike. Matatizo mengi ya hapa chini ni ya sufuria hiyo.

Supu inachemka, ukitia chakula inalala

Hili ndilo kubwa, na lina sababu zaidi ya moja.

Ya kwanza ni mikono mingi. Watu sita wakitia kila mmoja vipande vinne kwa mpigo, umetumbukiza nusu kilo ya kitu baridi kwenye lita mbili za maji. Hakuna jiko la mezani litakalostahimili. Tiba ni sheria ya meza: kinachoiva kwa sekunde kila mtu anakishika mwenyewe kwa vijiti hadi akitoe, kinachohitaji dakika, kama viazi, magimbi, vibonge vya samaki na uyoga, kinatiwa na mtu mmoja, kidogo kidogo. Kwetu alikuwa Ayi. Hakuna aliyethubutu.

Ya pili ni barafu. Zile nyama zilizoviringishwa kama karatasi hutoka kwenye friza zikiwa zimegandamana. Ukizitia hivyo, nje zinaiva na katikati zinatoa maji ya barafu. Zitoe dakika kumi na tano kabla, zilegee ila zisiyeyuke kabisa.

Ya tatu ni jiko na sufuria kutoelewana. Jiko bapa la umeme la indaksheni linapasha sufuria kwa sumaku. Sufuria ya aluminiamu, hizi zetu za kila siku, haipashwi hata ukingoje hadi alfajiri. Jiko litapiga kelele na kujizima. Weka sumaku ya mlango wa friji chini ya sufuria. Ikishika vizuri, endelea. Isiposhika, tafuta sufuria nyingine au jiko lingine, usipoteze muda kubonyeza vitufe.

Ikiwa umeme unakatika kila unapopandisha moto, tazama nini kingine kiko kwenye soketi hiyo. Jiko la wati 2,000 na birika la maji kwenye waya mmoja wa kuongezea ni kuomba balaa. Chomeka jiko peke yake, ukutani. Ukigusa waya ukaukuta una joto, zima.

Na kama unapika ukiwa Nairobi au sehemu nyingine ya nyanda za juu, supu yako inachemka kweli ila haina joto unalolidhania. Kwenye mita 1,800 hivi maji huchemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100. Nyama nyembamba haitaona tofauti kubwa, lakini viazi na vibonge vya samaki viongezee dakika kadhaa. Rafiki yangu mmoja aliyerudi Kenya alilalamika mwezi mzima kwamba viazi vya kwao ni vibaya. Havikuwa na kosa.

Supu nyekundu ni chungu

Hapa uliza swali moja: ilikuwa chungu tangu kijiko cha kwanza, au imekuwa chungu baada ya saa nzima mezani?

Ikiwa tangu mwanzo, umeunguza. Pilipili kavu ikitupwa kwenye mafuta ya moto inageuka nyeusi kabla hujafunga kopo. Wapishi wa Chongqing wanaizuia kwa kuichemsha kwanza dakika chache mpaka ilainike, kisha kuitwanga iwe rojo. Wanaiita ciba lajiao. Rojo hilo lina maji ndani yake, na maji hayo ndiyo yanayoikinga isiungue. Mimi kwa sufuria ya watu sita hutumia shahamu gramu 500, mafuta ya kula robo lita, doubanjiang gramu 200, pilipili kavu gramu 150, huajiao gramu 50, kipande kizuri cha tangawizi, kitunguu saumu kichwa kizima na sukari mawe kidogo. Doubanjiang ni ile rojo ya maharagwe mapana na pilipili iliyochachushwa. Inayosifika zaidi ni ya Pixian, karibu na Chengdu.

Utaratibu ni huu. Yeyusha shahamu na mafuta, kaanga tangawizi na vitunguu saumu, kisha doubanjiang kwa moto mdogo kabisa hadi mafuta yawe mekundu. Ndipo rojo la pilipili liingie. Koroga bila kuchoka. Mwanzoni mapovu ni makubwa na mvuke unapanda. Hayo ni maji yanatoka. Mapovu yakiwa madogo na pilipili ikaanza kung'aa, umekaribia. Huajiao iingie mwishoni, ikiwa imelowekwa kidogo, dakika tano hadi kumi tu. Wanaoitia mwanzo ndio wanaokula uchungu.

Ukiunguza, mwaga. Najua inauma, shahamu haiokotwi barabarani, lakini uchungu wa pilipili iliyoungua haufunikwi na sukari wala maziwa. Tumeshajaribu vyote viwili.

Ikiwa uchungu umekuja baadaye, viungo vimekaa sana ndani ya supu. Mdalasini wa Kichina, bajiao ile yenye umbo la nyota, iliki kubwa nyeusi ya caoguo: vyote vikichemka saa mbili vinatoa ladha ya dawa ya mitishamba. Vifunge kwenye kitambaa tangu mwanzo ili uweze kuvitoa. Opoa na huajiao zinazoelea, ongeza supu ya moto isiyo na chumvi na kipande cha sukari mawe. Hii inapona.

Inawasha, haitii ganzi. Au: haina harufu

Huajiao yako ni ya zamani au ni chafu. Fungua pakiti unuse: iwe na harufu inayokaribia ganda la limau. Tafuna ganda moja; ulimi uanze kutetemeka ndani ya dakika. Kisichotetemesha ulimi hakitatetemesha sufuria. Ukiona punje nyeusi zinazong'aa ndani ya maganda, zitoe, ni mbegu, zina uchungu na hazina ladha nyingine.

Harufu hafifu kwa supu uliyoikaanga vizuri mara nyingi ina sababu nyepesi: umeila siku hiyohiyo. Kaanga leo, funika, acha ilale usiku mmoja ndani ya mafuta yake, pika kesho. Nilidhani ni imani za wazee mpaka nilipopika sufuria mbili bega kwa bega.

Ganzi yenyewe siyo ugonjwa. Kila mgeni wa mara ya kwanza atauliza kama amepatwa na mzio. Midomo ikitetemeka na mate yakijaa, ndiyo kazi ya huajiao, na hupita baada ya dakika chache. Midomo ikivimba, koo likibana au ngozi ikitoka vipele, hiyo siyo huajiao kufanya kazi. Acha kula na tafuta daktari.

Ukali wa pilipili hautulizwi kwa maji. Kinachowasha kinayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo maji yanakitembeza tu mdomoni. Maziwa yanasaidia. Ndiyo maana pia kibakuli cha kuchovya cha Chongqing ni mafuta ya ufuta na kitunguu saumu kilichopondwa, basi. Mgeni anashangaa: mafuta juu ya mafuta? Lakini mafuta yale yanapoza kipande kilichotoka kwenye moto na kukisuuza pilipili kabla hakijafika ulimini. Atakayekikataa kibakuli hicho na kutaka sosi ya soya ataungua, tena ataongeza chumvi juu ya chumvi.

Chumvi imezidi

Karibu kila mara ni supu ya pakiti. Imekwishatiwa chumvi, doubanjiang nayo ina chumvi, na supu inapungua kila dakika inayochemka, ila chumvi yake haipungui. Iliyokuwa sawa saa moja jioni inakuwa ya kukausha koo saa mbili. Usitie chumvi yoyote mwanzoni upande mwekundu. Weka birika la maji ya moto pembeni na ujaze kidogo kidogo. Yakiwa baridi unarudi kwenye tatizo la kwanza. Kutumbukiza kiazi "kinyonye chumvi" ni hadithi. Kinanyonya supu pamoja na chumvi yake, inayobaki ni ileile.

Nyama ni ngumu kama ndara

Ama umeikata vibaya, ama umeisahau.

Kukata: igandishe nusu, saa moja na nusu hivi, kisu kizame kwa kujikaza kidogo. Tazama nyuzi zinaelekea wapi, ukate kuzikatiza, unene wa milimita mbili. Ukikata kufuata nyuzi, hata fileti itatafunwa hadi Jumapili. Ukiwa na nyama ya kawaida ya buchani, ipake maji kidogo, chumvi chembe na wanga wa viazi vitamu, iache nusu saa. Wanga unakuwa kama koti. Nyama inabaki laini hata mgeni akizubaa.

Kuisahau ni tatizo la mazungumzo. Kondoo mwembamba anataka kubadilika rangi tu, na sekunde chache za ziada. Ile sehemu ya tumbo la ng'ombe yenye kurasa kama kitabu, ambayo kwa watu wa Chongqing ndiyo huoguo yenyewe, ina hesabu yake: saba juu, nane chini. Ishike kwa vijiti, izamishe, ipandishe, izamishe, jumla kama sekunde kumi na tano. Ikikunjamana na kuwa na vinundu, kula. Ukiiachia ikaanguka chini ya sufuria, iache huko, imekwishakuwa mpira. Vyakula hivi vya ndani ndivyo vilivyoanzisha mambo, kwa jinsi inavyosimuliwa na wenyeji: wachukuzi na watu wa mashua kwenye gati za mto Yangtze walinunua matumbo ambayo matajiri hawakuyataka. Mtu aliyekulia kwenye supu ya utumbo haoni ajabu yoyote hapo.

Upande mweupe si mweupe

Umechemsha mifupa polepole. Kwa supu angavu hilo ni sahihi. Kwa ile nyeupe kama maziwa unataka fujo: mchemko mkali unavunja mafuta kuwa matone madogo sana, na ute unaotoka kwenye ngozi na mifupa unayazuia yasikutane tena. Chemsha mifupa ya kuku pamoja na miguu yake dakika tano, mwaga maji hayo na povu lake, osha, anza upya kwa maji ya moto, moto mkali saa moja na nusu. Ikiwa upande huu umeanza kuwa mwekundu, ukuta wa sufuria haujavuja. Ni watu wanaohamisha upawa mmoja huku na kule. Weka miwili.

Povu la kijivu baada ya nyama ni la kawaida, liengue. Supu ikiwa nzito kama gundi, mtu ametia tambi mapema. Tambi, viazi na magimbi ni vya mwisho, na mboga za majani kama chainizi zipelekwe upande mweupe. Upande mwekundu zinanyonya mafuta kama sponji, na anayezila hajui kilichompiga.

Sosi ya ufuta imeganda

Hii ni ya mtindo wa Beijing: ufuta uliosagwa, tofu iliyochachushwa, maua ya jiucai, mboga ya jamii ya vitunguu, yaliyosagwa kwa chumvi. Unatia maji kidogo ulegeze, badala yake inakaza kama udongo wa mfinyanzi. Wengi hapo wanaongeza mafuta, ndiyo wanaharibu. Endelea na maji, ya vuguvugu, kijiko kimoja kimoja, ukikoroga upande mmoja. Itakaza kabla ya kulegea, kisha ghafla inang'aa na kutiririka.

Shahamu imeganda midomoni

Vinywaji vya barafu. Shahamu ya ng'ombe inaanza kuganda kwenye nyuzi arobaini na kitu, kwa hiyo soda baridi inaigeuza nta juu ya meno. Toa chai ya moto. Kwa wasiokula nyama isiyochinjwa kisheria: Chongqing ni shahamu ya ng'ombe, lakini pakiti nyingi hazisemi aliyechinja ni nani, na baadhi zina pombe kali au laozao, wali wa kunata uliochachushwa. Tafuta herufi 清真, qingzhen, alama ya Waislamu wa China. Mwenzetu wa Zanzibar alinunua shahamu mwenyewe kwa mchinjaji wa Kihui, kabila la Waislamu wa China, na kuweka sukari mahali pa laozao. Sijaona tofauti ya kumfanya mtu agombane.

Tumbo, kichwa, na mambo ambayo si ya ladha

Tumbo likiuma usiku, wengi wanailaumu pilipili. Anza na vijiti. Vijiti vinavyogusa nyama mbichi visiingie mdomoni. Weka jozi nyingine mezani kwa kazi hiyo. Kuku, kamba na vibonge havina "saba juu nane chini": vibonge vielee kisha viendelee dakika mbili, kuku asiwe na uwaridi popote.

Uyoga mweusi wa mu'er ulowekwe saa chache tu, ukizidi uwe kwenye friji. Ulioachwa siku mbili jikoni kwenye joto utupe, hata kama haunuki, maana bakteria wanaoweza kuota humo hutoa sumu ambayo haiuawi kwa kuchemsha. Ni sumu ileile iliyopatikana kwenye pombe ya unga wa mahindi iliyoua watu 75 Chitima, Msumbiji, Januari 2015.

Kichwa kikiwauma watu wawili watatu kwa pamoja, mnatumia mkaa na madirisha mmeyafunga, msijadili viungo. Tokeni nje wote. Gesi ya mkaa haina harufu, na anayesinzia mezani huenda hajashiba. Sufuria ya shaba ya mkaa ni ya barazani.

Jiko dogo la kopo la gesi nalo lina sharti moja: sufuria isiwe pana hadi kufunika sehemu ya kopo. Joto linarudi chini, kopo linapasuka. Sufuria ya kifamilia na jiko la mtu mmoja haviendi pamoja, na majiko mawili yasisogezwe bega kwa bega chini ya sufuria moja.

Asubuhi yake: sinki limeziba

Kosa hili nililifanya mara moja, nikakaa siku mbili na maji mekundu ya kuosha vyombo hadi kwenye kifundo cha mkono. Shahamu inashuka bombani ikiwa moto, inakutana na bomba baridi, inasimama. Usiku ule acha sufuria ilivyo. Kufikia asubuhi juu kutakuwa na bamba gumu jekundu. Lichome kwa kisu ukingoni, linyanyue zima kama keki, lifunge kwenye gazeti, litupe. Supu iliyobaki chini ichuje mabaki ndipo uimwage. Sufuria uifute kwa karatasi kabla ya maji yoyote kuigusa.